Kikwapa

Ulizaliwa kumi la mwisho la Ramadhani,
tukakuita Saumu,
hatukujua jina litakushika neno kwa neno:
ulifunga hata hewa.

Kila pumzi ilikuja na mluzi.
Mwanzo tulicheka. Bibi yako alisema,
"Mwana huyu yuwaimba kabla ya kusema,"
na majirani wa Bondeni wakakubandika jina: Birika.
Kisha siku moja nilikuvua fulana, nikaona
pale juu ya kidari kishimo
kinachozama kila ukivuta,
kama kitambaa kinachomezwa na cherehani mbovu.

Zahanati ya kwanza: mafua.
Ya pili: pumu, na chupa ya dawa tamu.
Ya tatu walitazama kucha zako
wakaita ambulensi bila kunitazama mimi.

Daktari Mghoi si mtu wa maneno.
Aligeuza kadi ya kliniki, akachora duara
dogo, la mrija wa soda.
"Njia ya pumzi ya mtoto wa umri wake."
Kando yake akagusa karatasi kwa ncha ya kalamu.
"Na hii ni yake."
Nukta.
Mama yako, Mwanaate, aliishika kadi ile
mpaka wino ukamhamia kidoleni.

Kwanza walikutoboa shingoni, wakatia kibomba
ili uishi, na sauti ikatorokea hapo
kabla ya kufika kinywani.
Miezi kumi na minne ulilia bila kilio:
machozi, mdomo wazi, na kimya.
Nilijifunza kusikiliza kwa macho.
Mashini ya kufyonza makohozi ilikaa mezani
palipokuwa pa mkasi na chaki,
na stima zikikatika tulitoa ile ya kukanyaga.
Mguu wangu umezoea kukanyaga.

Siku ya kuelezwa upasuaji, daktari alisema:
tutakata kipande cha gegedu ubavuni,
tutapasua koo kwa mbele, hapo palipobana,
tukipachike, papanuke.
Mwanaate alijifunika uso kwa leso.
Mimi nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeko dukani,
"Kumbe mnatia kikwapa."
"Kikwapa ni nini?"
Nikainua mkono, nikamwonyesha kwenye kanzu yangu
kile kipande cha pembe nne chini ya bega,
hakuna akionaye,
na pasipo hicho mtu haombi dua mikono ikafika juu.
Akapapasa mshono.
"Ndicho," akasema.
"Ila kitambaa twakitoa kwa mwenye nguo."

Saa sita. Dirishani hori ya Tudor ilijaa maji, yakapwa.
Nilihesabu vigae vya sakafu, nikakosea, nikaanza tena.
Nilimfikiria Hawa na ule ubavu tunaosimuliwa.
Kisha nikafikiria uzi.
Uzi wao ni wa namba gani?

Kibomba kilipotoka, wakakuziba shingo kwa bandeji,
mama yako akaleta uji wa wimbi.
Ulikitazama kijiko. Ukafungua mdomo,
ikatoka kavu, nzito, kama ya mzee muuza kahawa:
"Sitaki."
Bakuli likaanguka.
Wauguzi wawili walikuja mbio wakidhani pameharibika.
Sema tena, nikakwambia. "Sitaki." Tena.
Uliukataa uji ule mara tisa,
na kila mara mimi nafuturu.

Daktari hakutuahidi kitu. Koo hukua,
na kovu nalo lina tabia zake;
twarudi kila miezi mitatu, wachungulie kwa kamera.
Pale ubavuni pana mishono saba.
Ningeipiga karibu karibu zaidi, lakini sikusema.

Sasa walala bila mluzi
nami usingizi hauji.
Naamshwa na ukimya,
naweka mgongo wa kiganja chini ya pua yako,
nangoja
mpaka upate joto.